Popo Juu ya Sanduku la Kura

Septemba 27, 1898, wasomaji wa gazeti la News and Observer la Raleigh, makao makuu ya jimbo la North Carolina nchini Marekani, walikunjua gazeti lao wakakutana na mumiani. Ana sura ya mtu Mweusi na mabawa ya popo yaliyotanda, na juu ya mabawa pameandikwa kwamba huu ndio utawala wa Weusi. Mguu wake umekanyaga sanduku la kura. Mikono imetoa kucha ndefu, na chini ya kucha hizo wanahangaika watu wadogo wadogo, Wazungu watupu, wanaume kwa wanawake.

Aliyechora ni Norman Jennett, kijana wa miaka 21. Aliyemlipa ni Josephus Daniels, mwenye gazeti na mhariri wake. Aliyeihitaji picha ile ni Furnifold Simmons, mwanasheria aliyekuwa mwenyekiti wa Chama cha Democratic jimboni. Msomaji anayekijua chama hicho kama chama cha Obama inabidi ayageuze mambo kichwani. Wakati ule, huko Kusini, Democratic ndicho kilikuwa chama cha Wazungu na cha mabwana wa zamani wa watumwa. Republican kilikuwa chama cha Lincoln, rais aliyekomesha utumwa, na Weusi walikipigia kura kwa sababu hiyo.

Mara nyingi tunasimuliwa ubaguzi wa Marekani kana kwamba ni chuki iliyochemka yenyewe, kama maziwa yanavyofurika sufuria. Kilichotokea North Carolina mwaka ule hakikuwa hivyo. Watu wasomi, wenye suti safi, waliketi mezani wakapiga hesabu, kisha wakaitafutia hesabu yao sura ya kutisha.

Hesabu ilianza na pamba. Katika miaka ya 1890 bei ya pamba ilikuwa imeanguka, na mkulima mdogo alikuwa akilima kwa deni. Mbegu, mbolea, unga na kitambaa alichukua kwa mkopo dukani, akaweka rehani mazao ambayo hayajaota. Yakivunwa, mwenye duka alichukua chake, na mara nyingi kilichobaki hakikufuta deni. Mkulima huyo aliweza kuwa Mzungu au Mweusi. Daftari la duka halikubagua. Wazungu maskini waliokata tamaa na Democratic walijiunga na chama kipya cha Populist, na mwaka 1894 chama hicho kikaungana na Republican. Muungano ukalitwaa bunge la jimbo. Mwaka 1896 ukampata gavana, Daniel Russell.

Waliyoyafanya ni mambo ya kawaida kabisa, na ndiyo maana yaliwatisha wakubwa. Waliweka kikomo cha riba, asilimia 6. Waliongeza fedha za shule. Waliwarudishia wananchi haki ya kuwachagua viongozi wa wilaya zao, haki ambayo Democratic walikuwa wameifuta miaka ya 1870 ili wilaya zenye Weusi wengi zisijitawale. Waliruhusu karatasi za kura ziwe na alama za vyama, ili asiyejua kusoma naye achague. Kwamba mkulima Mzungu alimpenda jirani yake Mweusi, hilo sitalisema. Wengi wao hawakumpenda hata kidogo, na viongozi wa Populist walisitasita mno kumpa nafasi. Lakini wote wawili walidaiwa na mwenye duka yuleyule, na kura zao zikiwekwa pamoja zilimtosha.

Simmons aliliona hilo. Kwa hoja za riba na shule angeshindwa tena. Alihitaji kitu kitakachomfanya Mzungu maskini asahau deni lake, walau mpaka siku ya kura ipite. Akapanga watu wake kwa kazi tatu: wanaojua kuandika, wanaojua kuhutubia, na wanaojua kupanda farasi. Fedha zilitoka kwa wenye benki, reli na viwanda, ambao waliahidiwa kwamba chama kikishinda hakitawaongezea kodi. Hapo ndipo ninapomwona mumiani wa Jennett kwa sura yake halisi. Wale watu wadogo chini ya kucha zake walikuwa wameambiwa watazame juu, kwenye mabawa, huku mikataba ikiwekwa sahihi mahali pengine.

Katuni zikaendelea. Gazeti likagawiwa bure mashambani, na hadithi za Weusi wanaowasumbua wanawake wa Kizungu zikachapishwa bila kuulizwa zimetoka wapi. Miaka mingi baadaye, katika kumbukumbu zake, Daniels mwenyewe alikiri kwamba hawakujisumbua kuchunguza ukweli wa habari hizo.

Macho yote yalielekezwa Wilmington, bandari iliyo kwenye Mto Cape Fear, mji mkubwa kuliko yote jimboni wakati ule. Zaidi ya nusu ya wakazi wake walikuwa Weusi: mafundi seremala, waashi, wapakiaji wa pamba, vinyozi, wenye migahawa, wanasheria, askari polisi. Msimamizi wa forodha, John Dancy, alikuwa Mweusi. Huo ndio ulioitwa utawala wa Weusi. Meya alikuwa Mzungu, na kati ya madiwani 10 Weusi walikuwa 3.

Mji huo ulikuwa pia na Daily Record, gazeti la Weusi lililotoka kila siku, jambo la nadra katika Marekani nzima. Mhariri wake, Alexander Manly, alikuwa na ngozi nyeupe kiasi kwamba asiyemjua angemdhania Mzungu. Familia yake ilijihesabu kizazi cha gavana wa zamani aliyemiliki watumwa. Agosti 1898 gazeti moja la Wazungu lilichapisha upya hotuba ya mwaka uliotangulia ya Rebecca Felton, mwanamke mashuhuri wa Georgia, aliyetaka Weusi wanyongwe hata elfu moja kwa wiki ikiwa ndiyo njia ya kuwalinda wanawake wa Kizungu. Agosti 18 Manly akamjibu. Aliandika kwamba mengi ya yanayoitwa ubakaji ni mapenzi ya hiari yaliyogunduliwa, na kwamba wanaume wa Kizungu wamewatendea wanawake Weusi yaleyale wanayoyalilia leo. Yeye mwenyewe, usoni mwake, alikuwa ushahidi.

Alisema kweli, na nadhani alijua ingemgharimu. Democratic walimshukuru kimyakimya. Waliichukua tahariri ile wakaichapa siku baada ya siku hadi uchaguzi, hata waliokuwa hawajawahi kuliona gazeti la Manly wakaikariri.

Wapanda farasi nao wakatoka. Waliitwa Mashati Mekundu, mtindo uliotoka jirani South Carolina, ambako miaka ya 1870 ulitumika kuwafukuza Weusi kwenye vituo vya kura. Walipita mitaa ya Weusi na bunduki mapajani. Wafanyabiashara wa Wilmington walichanga dola 1,200 wakanunua bunduki ya rashasha. Oktoba 24, katika ukumbi wa Thalian, Alfred Waddell, mbunge wa zamani aliyekuwa ofisa katika jeshi la Kusini lililopigania utumwa, aliwaambia waliojaa kwamba watashinda hata ikibidi kuuziba Mto Cape Fear kwa maiti. Usiku wa kuamkia uchaguzi aliwaeleza la kufanya wakimkuta Mweusi anakwenda kupiga kura: wamwambie arudi nyumbani, akikataa wamuue.

Novemba 8 watu wakapiga kura, waliothubutu. Katika kituo kimoja kundi la Wazungu liliingia wakati wa kuhesabu, taa zikaangushwa, na zilipowashwa tena kura zilikuwa zimeongezeka. Gavana Russell, aliyekwenda kupiga kura kwao Wilmington, alirudi Raleigh amejificha ndani ya behewa la mizigo, maana Mashati Mekundu walikuwa wakilisimamisha treni kumtafuta. Democratic wakalitwaa bunge.

Lakini serikali ya mji haikuwa kwenye karatasi za kura. Muda wake ulikuwa bado miezi kadhaa, na waliopanga hawakutaka kungoja. Novemba 9 mamia ya Wazungu walikutana mahakamani wakapitisha azimio kwamba hawatatawaliwa tena na watu wenye asili ya Afrika. Jioni waliwaita viongozi wa Weusi, wakawapa sharti: Manly aondoke, mtambo wake uondoke, na jibu liletwe nyumbani kwa Waddell kesho saa moja na nusu asubuhi.

Wazee wale wakaandika jibu la upole. Tahariri si yetu, walisema, lakini kwa ajili ya amani tutajitahidi aondoke. Barua akapewa mwanasheria kijana, Armond Scott, aipeleke. Usiku ule mitaa ilikuwa imejaa walinzi wa Kizungu wenye silaha. Scott akaogopa, na nani angemlaumu, akaitia barua posta. Saa moja na nusu ilipofika Waddell akatangaza kwamba hakuna jibu. Sidhani barua ingezuia kitu. Rashasha ilikuwa imekwisha kununuliwa.

Waliandamana mpaka jengo lililokuwa na mtambo wa Daily Record, wakavunja, likawaka moto. Ipo picha iliyopigwa baadaye asubuhi ileile. Ghorofa ya juu imeteketea, mbao zimechomoza kama mbavu. Mbele yake wamesimama wanaume kwa vijana, bunduki mikononi, kofia vichwani, wanaitazama kamera. Hakuna anayeficha uso.

Manly alikuwa amekwisha kutoroka. Risasi zikahamia mtaa wa Brooklyn, kaskazini mwa mji, walikoishi Weusi wengi. Wanawake na watoto walikimbilia mabwawani na makaburini wakalala huko kwenye baridi ya Novemba. Tume ya jimbo iliyochunguza karne moja baadaye ilihesabu waliouawa kuwa angalau 14. Wanahistoria wengi husema 60 au zaidi. Kabla siku haijaisha, meya na madiwani walijiuzulu mmoja baada ya mwingine mbele ya mitutu, na Waddell akakalia kiti cha meya. Kesho yake viongozi Weusi, na Wazungu wachache walioshirikiana nao, walisindikizwa na askari mpaka stesheni wakapandishwa treni, wasirudi.

Novemba 13 mwanamke mmoja Mweusi wa Wilmington alimwandikia Rais William McKinley. Alimweleza yaliyotokea, akamwomba msaada, na akaeleza kwa nini hathubutu kuweka jina lake. Rais hakutuma askari, na hakuna aliyeshtakiwa. Mwezi uleule jarida la Collier's, lililosomwa nchi nzima, liliweka juu ya jalada mchoro wa Weusi wenye bunduki wakifyatua risasi, na ndani likamwachia Waddell asimulie mwenyewe. Kwa miongo mingi watoto wa shule jimboni walifundishwa hivyo: zilikuwa ghasia, Weusi walizianza, Wazungu wakarudisha utulivu.

Sasa hesabu ya Simmons ikamalizika. Bunge jipya liliandika marekebisho ya katiba ya jimbo, yakapitishwa kwa kura Agosti 1900, Mashati Mekundu wakiwa bado barabarani. Anayetaka kupiga kura asome na kuandika kifungu cha katiba mbele ya ofisa, na awe amelipa kodi ya kichwa. Msomaji wa Afrika Mashariki, ambaye babu yake aliijua kodi hiyo kwa jina hilohilo, ataelewa uzito wake. Mzungu asiyejua kusoma aliwekewa mlango wa pembeni: akionyesha kwamba yeye au babu yake alikuwa na haki ya kura Januari 1, 1867 au kabla yake, mtihani haumhusu, mradi ajiandikishe kabla ya Desemba 1908. Tarehe hiyo ya 1867 haikuokotwa. Ni kabla ya Weusi wa Kusini kupewa kura. Mwaka 1896 Weusi walioandikishwa jimboni walikuwa wapata 126,000. Mwaka 1902 walibaki kama 6,100.

Yule mkulima Mzungu wa deni la dukani naye aliikuta kodi ya kichwa mlangoni. Wengi waliacha kupiga kura, chama chake cha Populist kikafa, na uchaguzi ukabaki kuwa shughuli ya wenye nafasi. Sijui kama kuna kitu kinachonihuzunisha katika historia hii kuliko hilo. Alipewa shati jekundu na bunduki, akatumwa kumfukuza mtu pekee ambaye kura yake ingemsaidia kupunguza riba.

Wakuu walilipwa. Simmons aliingia Seneti mwaka 1901 akakaa miaka 30. Daniels akawa Waziri wa Jeshi la Wanamaji chini ya Rais Wilson, kisha balozi nchini Mexico. Felton aliapishwa mwaka 1922, kwa siku moja ya heshima, kuwa mwanamke wa kwanza katika Seneti ya Marekani. Manly aliishia Philadelphia, akipaka rangi nyumba za watu.

Mtu mmoja aliachwa peke yake Washington. George Henry White, aliyezaliwa utumwani mwaka 1852 na kuchaguliwa na wilaya za mashariki mwa North Carolina, alikuwa Mweusi pekee katika Bunge la Marekani. Mwaka 1900 alipeleka mswada wa kufanya mauaji yanayofanywa na makundi ya watu kuwa kosa la taifa zima. Ukafia kwenye kamati. Januari 29, 1901 aliaga. Alisema hii ni kwaheri ya muda ya Weusi kwa Bunge, na kwamba siku moja watainuka tena. Kusini haikumpeleka Mweusi mwingine bungeni hadi 1973.

Mumiani akalala, kwa kuwa hakuhitajika. Aliamshwa mwaka 1950.

Mwaka ule Seneta Frank Graham, aliyekuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha North Carolina na mjumbe wa kamati ya Rais Truman ya haki za raia, aliongoza kura za mchujo za Democratic kwa zaidi ya kura 50,000, lakini akakosa nusu ya kura kwa kidogo tu. Mpinzani wake, mwanasheria Willis Smith, aliweza kudai duru ya pili, lakini alikuwa karibu kukata tamaa. Juni 5 Mahakama Kuu ikatoa hukumu zilizotikisa ubaguzi vyuoni na kwenye treni. Siku hizohizo kituo cha redio cha Raleigh kilitangaza kuwataka wafuasi wa Smith wakusanyike nyumbani kwake wamsihi aendelee. Mtangazaji kijana wa habari katika kituo hicho aliitwa Jesse Helms. Smith akaendelea, na vipeperushi vikamwagika: Wazungu amkeni, je, mnataka Weusi wafanye kazi pembeni ya wake zenu na binti zenu, watumie vyoo vyenu? Kingine kilikuwa na picha ya kijana Mweusi ambaye Graham alimteua kuwa akiba wa kwenda chuo cha jeshi, baada ya kijana huyo kufaulu mtihani. Juni 24, katika duru ya pili, Graham akashindwa kwa kura kama 20,000. Helms akafuatana na Smith Washington, kufanya kazi ofisini kwake.

Miaka ya 1960 vyama vikabadilishana viti. Rais wa Democratic, Lyndon Johnson, alitia sahihi sheria za haki za raia na za kura, na Wazungu wa Kusini wakaanza kuhamia Republican, ambao waliwafungulia mlango makusudi. Lugha nayo ikabadilika. Mwaka 1981 mshauri wa Republican, Lee Atwater, alimweleza msomi mmoja jinsi ilivyokuwa: zamani unatukana waziwazi, halafu tusi linaanza kukudhuru, unasema haki za majimbo, halafu unasema kupunguza kodi, na anayeumia zaidi bado ni Mweusi. Helms, ambaye naye alihamia Republican, aliingia Seneti Januari 1973.

Mwaka 1990 alipata mpinzani aliyemtisha. Harvey Gantt alikuwa msanifu majengo, mwanafunzi wa kwanza Mweusi wa Chuo cha Clemson mwaka 1963, na meya wa zamani wa Charlotte. Oktoba kura za maoni zilimwonyesha Gantt yuko mbele. Ndipo likaja tangazo la televisheni. Hakuna mumiani humo. Kuna mikono miwili ya Mzungu, mikono ya shati la mirabamiraba, pete ya ndoa kidoleni. Inashika barua. Sauti inamwambia mtazamaji kwamba aliihitaji kazi ile, na kwamba alifaa kuliko wote, lakini ikabidi apewe mtu wa jamii ndogo kwa sababu ya mgao wa rangi. Mikono inaikunjakunja barua.

Kazi zilikuwa zikipotea kweli North Carolina. Viwanda vya nguo vilikuwa vikifungwa. Mwenye kiwanda hakuonekana katika tangazo lile, kama mwenye duka asivyoonekana katika katuni ya 1898. Wakati huohuo kadi za posta 125,000 zilipelekwa, nyingi kwa wapiga kura Weusi, zikiwatisha kwamba wanaweza kushtakiwa wakipiga kura ilhali wamehama karibuni. Serikali kuu ilifungua kesi. Mwaka 1992 chama cha Republican jimboni na kampeni ya Helms walikubali masharti ya mahakama bila kukiri kosa. Helms alikuwa amekwisha kushinda kwa zaidi kidogo ya asilimia 52. Mwaka huohuo wa 1992 aliyekuwa meneja wa kampeni ya Gantt, Mel Watt, alichaguliwa kwenda Bunge la taifa pamoja na Eva Clayton, Weusi wa kwanza wa jimbo hilo tangu White alipoaga.

Ripoti ya tume kuhusu Wilmington ilitoka mwaka 2006. News and Observer likachapisha toleo maalumu la historia ile, likaomba radhi kwa iliyotendwa na mhariri wake wa zamani. Sanamu ya Daniels ilisimama Raleigh hadi Juni 2020, ilipoondolewa kwa ridhaa ya familia yake mwenyewe.

Kuhusu gazeti la Manly, lililochomwa pamoja na mtambo wake, ilidhaniwa kwa muda mrefu kwamba karibu yote limepotea. Wanahistoria wa Wilmington walitafuta wakapata nakala saba. Karatasi zilikuwa zimefifia mno mashine isiweze kuzisoma, kwa hiyo kazi walipewa wanafunzi wa shule za kati za mji huo, Weusi na Wazungu. Waliketi pamoja, neno kwa neno, wakinakili habari za mazishi, mikutano ya kanisa na matangazo ya biashara za mtaani.